Alama ya Babu Kwenye Kuba

Juzi nilikuwa napiga plasta silingi ya nyumba moja hapa Majimbo, mjini Embu, nyumba ya mwalimu aliyestaafu, na ilipofika saa nane shingo ikakataa. Kama umewahi kufanya hii kazi unajua ninachosema. Mwiko uko juu, uso uko juu, maji ya simenti yanakudondokea kwenye kope, na shingo inaanza kulalamika taratibu kama mgeni asiyetaka kusumbua watu, halafu ghafla inakataa kabisa. Nikasimama tu pale juu ya mbao, nimekishika kisogo kwa mikono miwili, macho bado kwenye silingi. Mwenye nyumba akachungulia mlangoni.

"Fundi, unaomba ama unakagua?"

Nikamwambia nakagua. Akacheka akaenda kwa chai yake. Lakini alikuwa amegusa kitu bila kujua, maana mara ya kwanza shingo yangu kuuma namna ile nilikuwa kanisani kweli. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, nimesimama chini ya kuba ya kanisa kuu la Nairobi, nimemshika nyanya yangu mkono. Tangu juzi siku hiyo haijanitoka kichwani, na kwa sababu huu uchovu hauniachi nilale vizuri, afadhali nikusimulie.

Mimi ni mtu wa Ishiara, kule chini kwa joto. Wenzetu wa milimani, wenye migomba na majani chai, hutuonea huruma, na sisi tukiwa watoto tulifikiri huruma hiyo ni wivu, kwa sababu wao hawakuwa na asali kama yetu. Mashamba yetu yalikuwa ya mtama na pojo. Mtama ukianza kukomaa, hakuna mtoto aliyekuwa na raha: kabla jua halijatoka uko kwenye kichanja katikati ya shamba, na kombeo na bonge la udongo, unafukuza ndege mpaka sauti inakauka. Ukirudi nyumbani unakuta uji wa wimbi kwenye kibuyu, mchachu kidogo, umepoa, na unaunywa umesimama kwa sababu ukikaa utasinzia. Bado naweza kuusikia ule uchachu nyuma ya ulimi.

Uji huo ulikuwa wa nyanya. Nyanya yangu alikuwa amebeba maji na kuni maisha yake yote kwa mkanda wa ngozi unaopita juu ya kichwa, mzigo ukiwa mgongoni, kama mama zetu wote walivyobeba. Ule mkanda ulikuwa umemchimba bonde kichwani, hapa juu ya paji la uso, na nikiwa mdogo nililala mapajani pake nikipitisha kidole humo kama ng'ombe anapita njia yake. Na shingo yake ilikuwa imeinama mbele ikabaki hivyo. Hakuweza kutazama juu. Watu aliwajua kwa miguu. Alikuwa anakaa mlangoni akichambua pojo, mtu anaingia uani, naye anasema bila kuinua uso, "Viatu vya pasta vimekuja. Mpe kiti."

Mimi nilipewa jina la babu, kama desturi yetu ilivyo, na kwa hiyo nyanya hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita mume wangu. "Mume wangu, umeleta kuni?" "Njooni mwone, mume wangu amekataa kuoga." Watoto wengine pia waliitwa hivyo na nyanya zao, ilikuwa mzaha wa kila boma. Lakini kwa nyanya yangu mzaha huo ulikuwa na mwiba. Nikichelewa kurudi kutoka dukani, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ama unataka kupotea tena miaka saba?" Nami nilikuwa naomba msamaha kwa miaka ambayo sikuwa nimezaliwa.

Babu alikuwa mtu wa mizinga. Kwetu mzinga ni gogo lililotobolewa, linaninginizwa juu kabisa kwenye mti wa mgunga, na babu alikuwa akipanda na kamba moja tu kiunoni. Kila mwenye mizinga ana alama yake, anaikata kwenye gogo kwa kisu. Ya babu ilikuwa mistari miwili iliyolala pamoja na mmoja unaoikata kwa mshazari. Alama si mchezo. Mzinga wenye alama ya mtu hauguswi hata kama watoto wako wanalia njaa, na mtu haweki alama yake kwenye kitu ambacho mikono yake haikukifanya.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru, babu alienda Nairobi kutafuta kazi. Akakaa miaka saba. Alikuja nyumbani mara mbili, sijui tatu, na katika miaka hiyo nyanya alipitia ukame mmoja mbaya na akazika mtoto peke yake. Babu aliporudi mwishowe alikuwa mgonjwa wa kifua. Alimwambia nyanya kwamba alikuwa akijenga kanisa kuu, lile lenye kuba, na kwamba walimpenda kwa sababu wengine waliogopa kupanda na yeye alipanda kama anaenda kwenye mzinga. Akamwambia: "Huko ndani ya kuba, juu ya dirisha la tatu kutoka upande wa jua kuchomoza, nimeweka alama yetu kwenye plasta ikiwa bado mbichi. Siku moja utaenda uione, ujue nilikuwa wapi." Halafu akafa, hata mwaka haukuisha.

Sasa, watu. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa rika la nyanya, rafiki yake na adui yake, kwa zamu. Yeye alikuwa na habari yake aliyoletewa na mtu aliyeletewa na mtu. Habari hiyo ilisema kwamba babu alikuwa na mwanamke Nairobi na chumba na sufuria. Hakusema wazi. Alikuwa tu akisema, wakichambua mboga ya kunde pamoja, "Alijenga, sikatai. Lakini si kuba."

Nyanya aliendelea kuchambua. Lakini mizinga ya babu ilibaki juu ya migunga bila kufunguliwa. Neno la kuifungua lilikuwa lake kama mjane, na hakulitoa. Baba yangu alijaribu kumwomba, akaacha. Nyuki walijaa wakahama wakarudi. Asali ilikuwa ikichuruzika kwenye magome wakati wa jua kali, sisi watoto tukilamba miti kama mbuzi. Nyanya alisema, "Sitakula jasho la mtu ambaye sijui alikuwa wapi."

Kisha Jumapili moja pasta akatangaza kwamba akina mama watasafiri kwenda kuomba katika lile kanisa kuu, basi limekodishwa, anayetaka aandikishe. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa la Krismasi tu. Jumatatu yake asubuhi alikuwa kwa pasta.

Jirani alikuja na maneno yake kabla uji haujachemka. "Wewe na Nairobi wapi na wapi?"

"Nataka kuona kazi ya mzee wangu."

"Utaionaje na shingo hiyo? Wewe utaona viatu vya watu wa Nairobi, urudi utuambie ni vya rangi gani."

"Naenda na mwenye kazi," nyanya akasema, akanielekezea fimbo. "Aliyeiweka ndiye atanionyesha."

Wote pale uani wakacheka, hata mama yangu. Mimi sikucheka. Nilienda nyuma ya ghala nikakaa chini. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto, naamini kila kitu mpaka leo, na nilikuwa najaribu kukumbuka kwa bidii zote mahali nilipoiweka.

Safari yenyewe siikumbuki sana. Nakumbuka nyimbo, akina mama wakiimba mpaka Embu, wakinyamaza kula ndizi za kuchemsha na githeri ya mahindi na maharagwe kutoka kwenye ndoo moja, wakiimba tena. Nyanya hakuimba. Alishika magoti yake. Tulipokuwa tunaingia mjini akaniuliza kama nimeiona kuba.

"Nimeona, cucu," nikamjibu, maana kwetu nyanya huitwa hivyo.

"Iko namna gani?"

"Kama kibuyu kilichokatwa katikati kikafunikwa juu ya nyumba."

"Kikubwa?"

"Cucu, kikubwa. Mtaa wetu wote ungeingia."

Akatikisa kichwa kidogo. "Na mtu anapanda hapo," akasema, si kwangu.

Ndani kulikuwa na baridi ya aina ambayo sikuijua, baridi ya mawe, na harufu ya mishumaa na nta ya kung'arisha viti. Akina mama wetu, ambao njia nzima walikuwa na kelele, walinyamaza wote kwa pamoja wakavua viatu, mpaka mhudumu wa kanisa, mzee mwembamba mwenye kitambaa cha vumbi, akawaambia wasivue. Wengine walivaa tena. Nyanya alikuwa hana viatu tangu mwanzo. Alinivuta mpaka katikati, chini kabisa ya kuba, na nikainua uso.

Rafiki yangu, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kitu kilichojengwa kinaweza kuwa na anga yake. Mwanga ulikuwa unaingia kwa madirisha madogo yaliyozunguka kuba yote, na juu ya madirisha ni weupe tu, unapanda, unapanda, mpaka macho yanachoka kuufuata. Halafu nikakumbuka kazi iliyonileta.

Dirisha la tatu kutoka upande wa jua. Lakini jua liko upande gani ukiwa ndani ya kibuyu? Nyanya akamwita yule mhudumu. "Baba, hapa jua hutokea wapi?"

Yule mzee akafikiri. "Hapa Nairobi, mama, hutokea nyuma ya maghorofa."

Akatuonyesha kwa kitambaa chake. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikatazama juu ya dirisha la tatu. Hakuna. Nikahesabu kutoka upande mwingine. Kulikuwa na nyufa, nyembamba kama nywele. Kulikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio la ng'ombe. Kulikuwa na uchafu wa njiwa aliyewahi kuingia. Kila ufa ulikuwa karibu kuwa alama halafu unakataa.

"Umeona?"

"Bado, cucu."

Akina mama wakaanza wimbo wa kwanza huko mbele. Pasta akaomba, sala ndefu, kila mtu wa Ishiara akatajwa. Wimbo wa pili. Shingo ilianza kuwaka moto. Nilitaka kushusha kichwa lakini mkono wa nyanya ulikuwa umefunga wangu, mkavu, wenye nguvu za kamba, na nilijua nikishusha kichwa tu, miaka saba ya babu inakuwa ya yule mwanamke mwenye chumba na sufuria, na itabaki hivyo daima, na kosa litakuwa langu mimi mwenye jina lake.

"Umeona?"

Ulikuwa wimbo wa mwisho. Nikasema, "Naona."

Mkono wake ukakaza. "Iko namna gani?"

Hapo haikuwa shida, alama niliijua kutoka kwenye mizinga. "Mistari miwili imelala. Na mmoja umeikata hivi."

"Ukubwa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Kama sahani."

Kisha akanipa fimbo yake nishike, akakunja shuka yake, akaiweka sakafuni, akakaa chini polepole, mfupa kwa mfupa, akalala chali katikati ya kanisa kuu, kichwa juu ya shuka, miguu yake mitupu ikielekea madhabahuni.

Wewe ambaye si wa kwetu lazima nikueleze. Wazee wa mizinga hawakagui mzinga wa juu kwa kusimama. Wanalala chini ya mti, wanatulia, wanaangalia nyuki wanavyoingia na kutoka mpaka wajue kama kuna asali. Kwa nyanya ile ndiyo njia ya heshima ya kutazama kitu cha juu, na kwa shingo yake ndiyo njia pekee. Lakini Nairobi haijui hayo. Mhudumu akaja mbio, kitambaa mkononi. "Mama ameanguka. Leteni maji." Akina mama wakaacha wimbo katikati ya mstari. Jirani yetu, ambaye naye hakukosa basi, alifika wa kwanza, akainama, akasema kwa wivu kidogo, "Amekufa kanisani. Watu wengine wana bahati."

"Sijafa," nyanya akasema. "Natazama mzinga. Niondoleeni vivuli."

Wakasogea. Alilala pale kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko sala ya pasta. Mimi nilisimama na fimbo, nikingoja aseme kwamba hakuna kitu, kwamba mume wake ni mwongo, wa kwanza na wa pili.

"Ni ndogo," akasema mwishowe. "Umesema sahani. Si sahani. Ni kama kiganja."

Jirani akapindisha kichwa, akafinya jicho moja. "Mimi naona nyufa tu."

"Wewe hukuolewa naye."

Hata pasta alicheka, akijifanya anakohoa.

Tulifika nyumbani kesho yake, nyanya akaenda moja kwa moja kwa baba yangu aliyekuwa akirekebisha ua wa mbuzi. Akamwambia neno moja, "Panda." Baba akaacha nyundo hapo hapo chini. Jioni ile boma letu lilinuka moshi na nta, tukala asali nyeusi ya miaka mingi, nzito, yenye ukali kooni, mpaka mdogo wangu akatapika. Na wa kwanza kuja na bakuli, ndiyo, alikuwa jirani.

Uwongo wangu niliubeba miaka sita. Mtoto hachoki haraka kwa miguu, lakini kitu kama hicho humchosha. Na nilipoanza kujifunza kazi hii ya plasta, fundi wangu akanifundisha jambo lililonikalisha chini: plasta haipigwi mara moja. Kuna ile ya kwanza, ya kukwaruza, halafu kuna ya mwisho, ya kulainisha, na huwa mara nyingi si mtu mmoja anayepiga zote mbili. Unaweza kuandika jina lako lote kwenye ile ya kwanza, na kabla ya jua kutua mwenzako amelifunika. Kwa hiyo alama ya babu inaweza kuwa pale mpaka leo, chini ya weupe, na inaweza kuwa haikuwahi kuwa pale, na hakuna jicho la binadamu litakalojua.

Lakini nilikuwa nimeshaungama kabla ya hapo. Ilikuwa siku niliyoacha shule. Nilikuwa kidato cha pili, mambo ya nyumbani yalikuwa yamekuwa magumu, na kesho yake nilikuwa nakuja Embu kutafuta kazi. Nyanya alikuwa kipofu kabisa wakati huo. Alikuwa mlangoni na ungo, akichambua pojo kwa vidole, mawe huku, nafaka huku, na hakukosea hata moja. Nikakaa kando yake.

"Cucu, siku ile kanisani sikuona kitu."

Vidole havikusimama. "Najua. Hata mimi sikuona."

Nikamwangalia.

"Ukungu ulikuwa umeshaingia machoni kabla ya safari ile," akasema. "Nilikuwa naona mwanga na giza tu. Ile kuba ilikuwa kama maziwa kwenye bakuli. Unafikiri kwa nini nilienda na wewe? Ni kwa sababu ya shingo peke yake?"

"Na ulisema ni kama kiganja."

"Wewe ulisema sahani. Mzee wangu hakuwa mtu wa kujionyesha. Ilibidi nipunguze."

Nikacheka, na yeye akacheka, bila sauti, mabega tu. Kisha nikamwuliza lile lililonisumbua: kama hakuona, kwa nini alimwambia baba apande?

Akaweka ungo chini. "Nilikuwa nimekushika mkono," akasema. "Ulitazama juu tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilisikia mkono unatetemeka kwa kuchoka, na hukushusha kichwa. Miaka saba mimi ndiye nilikuwa namtafuta, mume wangu. Kila basi lililosimama Ishiara nilitoka kuangalia miguu inayoshuka. Siku ile yeye ndiye alinitafutia kitu. Nikasema basi, imetosha. Nilikuwa nimechoka kuuliza."

Akachukua ungo tena.

Sasa hayupo, ni miaka. Migunga mingi ilikatwa ikawa makaa, na mizinga ya siku hizi ni masanduku yaliyopakwa rangi, yana nambari, yamekaa chini kwenye miguu ya chuma. Mtoto wangu anaweza kuichungulia bila kupanda popote. Sijaona mtu akilala chini ya mti kutazama nyuki tangu nilipooa. Wanawake wa kwetu hubeba maji kwa punda na pikipiki, na nafurahi kwa ajili ya shingo zao, nafurahi kweli. Ila vichwa vyao havina lile bonde, na watoto wao watapitisha vidole mahali pengine.

Nikienda Nairobi kununua rangi napita kando ya lile kanisa. Mara nyingine nasimama ng'ambo ya barabara na mzigo begani, nikiangalia kuba kwa nje mpaka taa za magari zinabadilika. Siingii. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama ni kwa sababu naogopa kutazama tena nisiione. Hapana. Naogopa kuiona, halafu nishushe kichwa, na asiwepo wa kumwambia.